Uchambuzi wa kisa: mchoraji wa manga za mapenzi aliyesimama katikati ya hadithi

Kisa hiki ni cha kweli. Jina la mchoraji, majina ya hadithi zake, majarida na kampuni zilizomchapisha yameachwa, na miaka yake inatajwa kwa muongo tu. Mambo ya tasnia yenyewe yamebaki na majina na tarehe zake, kwa sababu bila hayo maamuzi yake hayaeleweki. Nimemchagua kwa sababu aliacha kuchora katikati ya hadithi iliyouzwa kuliko zote alizowahi kuitunga, na zaidi ya miaka kumi na tano baadaye vitabu vyake bado vinachapwa, hadithi ikiwa bado ni yake peke yake. Wachoraji wengi wa aina yake hupata moja kati ya mawili hayo. Yeye alipata yote mawili, na njia iliyomfikisha hapo ilianza mapema sana, wakati hakuna aliyefikiri habari za ugonjwa.

Usuli

Nchini Japani manga, yaani hadithi za katuni, huanzia ndani ya jarida nene la karatasi duni, lenye hadithi kumi au zaidi, kila moja ikikatiwa pabaya na neno "itaendelea". Kwa upande wa wasichana, yaani shojo, majarida ya Nakayoshi na Ribon yalianza katikati ya miaka ya 1950, na siku hizo wachoraji wengi walikuwa wanaume. Miaka ya 1970 wanawake vijana, akina Moto Hagio, Keiko Takemiya na Riyoko Ikeda, wakaishika fani. Waliyafanya mawazo ya moyoni kuwa uti wa mgongo wa ukurasa: maneno yanaelea nje ya viputo vya mazungumzo, fremu zinavunjika, uso mmoja unachukua nusu ya karatasi. Hapo ndipo manga za mapenzi tunazozijua leo zilipopata lugha yake. Kufikia mwaka 1994 Ribon lilikuwa linachapa nakala milioni 2.55 kwa toleo moja, jarida la wasichana wa shule ya msingi na wa kidato cha kwanza na cha pili.

Mchoraji hulipwa kwa namna mbili, na tofauti ya namna hizo ndiyo ufunguo wa kisa chote. Kuna malipo ya ukurasa: jarida linahesabu kurasa ulizoleta mwezi huu, linakulipa. Usipoleta, hulipwi. Kwenye fedha hiyohiyo mchoraji anawalipa wasaidizi wake, ananunua karatasi na wino, analipa pango la studio, na mara nyingi habakiwi na kitu cha maana. Halafu kuna mrabaha wa juzuu. Sura nne au tano zikitimia hukusanywa kuwa kitabu kidogo, na mchoraji kwa kawaida hupata asilimia 10 ya bei ya jalada. Tuchukue kitabu cha yen 400: anapata yen 40. Zikichapwa nakala milioni moja, hizo ni yen milioni 40, na juzuu hiyo ikirudi mtamboni miaka ishirini baadaye mrabaha unaingia tena hata kama mwenyewe hajashika kalamu.

Jambo la tatu la kujua ni postikadi. Ndani ya jarida kuna kadi ambayo msomaji anajaza hadithi zilizompendeza na kuituma kwa wahariri. Hadithi inayoshuka kwenye kadi hizo mwezi baada ya mwezi hufungwa. Mchoraji mchanga anaweza kuambiwa amalize mapenzi ya mashujaa wake ndani ya sura mbili zilizobaki.

Mfuatano wa matukio

Mchoraji wetu alitoka mji wa magharibi mwa Japani na kuchapishwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka 18, katikati ya miaka ya 1980, katika familia ya mojawapo ya majarida makubwa ya wasichana. Alipitia pia chuo cha ubunifu wa mitindo. Miaka kama sita ya mwanzo ilikuwa ya hadithi fupifupi: juzuu moja hapa, mbili pale, mapenzi ya shuleni ya kawaida kabisa, na ukizisoma leo unamwona akitafuta mkono wake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 akaupata. Hadithi ya mapenzi kati ya wanafunzi wa sekondari waliochaguliwa kuongoza serikali ya wanafunzi ikaenda juzuu nane, na ikampa jina. Kilichofuata ndicho kilichomtofautisha na wenzake. Badala ya kurudia sare za shule, alihamishia mapenzi kwenye shule ya sanaa, kwa msichana anayeshona nguo zake mwenyewe na anayetaka siku moja kuwa na lebo yake. Ikafika juzuu saba na kupata anime, yaani katuni ya televisheni, iliyoonyeshwa karibu mwaka mzima. Akaandika nyingine fupi, ya giza, yenye mizimu ndani yake, juzuu tatu tu.

Kuelekea mwaka 2000 aliondoka kwenye jarida la watoto. Hadithi moja aliipeleka kwenye jarida la mitindo la kampuni nyingine, jarida la picha za nguo ambalo si la manga kabisa. Nyingine akaianzisha kwenye jarida jipya lililolenga wasichana wakubwa na wanawake vijana. Kwa takriban miaka mitatu alizichora zote mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ilimalizika kwa juzuu tano. Ya pili, inayohusu urafiki wa wasichana wawili wanaopanga nyumba moja Tokyo na wanaume wanaoingia kati yao, ililipuka: tuzo kubwa ya manga, filamu iliyoingiza zaidi ya yen bilioni 4 nchini Japani, filamu ya pili ambayo haikufikia ya kwanza, na anime ya vipindi karibu hamsini.

Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa miaka ya 2000, hadithi ikiwa imefika juzuu 21, jarida lilitangaza kuwa mchoraji ni mgonjwa na sura zinasitishwa. Alilazwa. Mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba ametoka hospitalini, ila tarehe ya kurudi kazini haijapangwa. Haijapangwa hadi leo.

Maamuzi na mantiki yake

Uamuzi mkubwa kuliko yote ni ule wa kuhama, na mantiki yake inaonekana ukifanya hesabu ya umri. Msichana aliyekuwa na miaka 11 hadithi ya serikali ya wanafunzi ilipoanza, alikuwa na miaka 20 hivi wakati hadithi ya wapangaji wawili inaanza, na mashujaa wake nao wana miaka 20. Majarida ya shojo yana tabia ya kumwacha msomaji wake aondoke akikua, kisha kuvuna kizazi kipya cha watoto. Mchoraji anayebaki pale analazimika kuwa na miaka 12 milele. Huyu aliwafuata wasomaji wake mlangoni walipotoka. Mapenzi yake yakabadilika pamoja nao: kutoka kuungama hisia nyuma ya darasa hadi kodi ya nyumba, mimba, mkataba wa muziki, mwanaume anayekupenda na bado hakufai. Katika ile ya jarida la mitindo msichana hata haishii na mvulana ambaye kila msomaji alimtaka. Jarida la watoto lisingeipitisha kirahisi.

Hata jarida la mitindo halikuwa chaguo la ajabu kama linavyoonekana. Nguo zilikuwa zimegeuka sehemu ya usimulizi wake. Pete ya chuma inayofunika kidole kizima, sketi ya miraba, pini za usalama kwenye koti la ngozi: msomaji alimjua mhusika kwa mavazi kabla hajafungua mdomo. Kumpa mtu wa namna hiyo kurasa katikati ya picha za nguo ni kumpa wasomaji ambao hawajawahi kununua jarida la manga maishani.

Uamuzi wa kubeba hadithi mbili pamoja ni mgumu zaidi kuutetea, na ili kuupima inabidi kuiona meza ya kazi ya siku hizo. Mhariri hupelekewa kwanza nemu, yaani rasimu ya penseli yenye fremu, vichwa vya mviringo visivyo na nyuso, na maneno yote. Ugomvi wote humalizwa hapo, kwa sababu baada ya hapo kubadili kitu ni kuchoma usiku mzima. Ikipita, inahamishiwa kwenye karatasi ngumu kubwa kuliko ukurasa utakaochapwa, inachorwa kwa penseli, inapigwa wino kwa kalamu ya kuchovya, penseli inafutwa, nywele nyeusi zinajazwa. Kisha toni. Ile sketi ya miraba ina maana kwamba mtu amekaa na wembe mkononi, anakata karatasi ya nata yenye michoro midogo, anaibandika juu ya sketi, anaikwangua pale mwanga unapogonga. Mhusika akibadili nguo mara tatu ndani ya sura, kazi hiyo ni mara tatu. Wasaidizi wanachukua majengo, magari, weusi na toni. Nyuso na mistari ya mwili hubaki kwa mwenyewe. Sura ya jarida la kila mwezi huwa na kurasa thelathini, arobaini, wakati mwingine zaidi. Sasa weka juu yake sura ya jarida la pili.

Kwa nini akubali? Hadithi ya jarida la mitindo ilikuwa imeshaanza na kupendwa. Ile nyingine ilikuwa nafasi ya kuingia jarida jipya likiwa bado linajenga sura yake, na nafasi ya namna hiyo haisubiri. Kibiashara kila hatua ilikuwa sahihi peke yake. Zikijumlishwa ni mzigo wa watu wawili.

Uamuzi wa mwisho ni ule uliochukuliwa baada ya ugonjwa, nao ni wa kutofanya kitu: hakuna msaidizi aliyekabidhiwa hadithi, hakuna mwandishi wa kuimalizia, hakuna muhtasari wa mwisho uliotolewa ili watu wapoe. Sheria ya hakimiliki ya Japani ya mwaka 1970 inamlinda hapa mara mbili. Kwa desturi ya tasnia hakimiliki ya manga ya namna hii hubaki kwa mchoraji, kampuni ikipewa ruhusa ya kuchapa tu. Na juu ya hilo mtunzi ana haki ya kimaadili ya kukataa kazi yake ibadilishwe, haki ambayo hata yeye mwenyewe hawezi kuiuza. Kampuni hata ingekuwa na hamu kiasi gani ya juzuu ya 22, isingeweza kumwambia mtu mwingine aichore.

Matokeo

Malipo ya ukurasa yalikatika siku sura zilipokatika. Juzuu hazikukatika. Hadithi yake kubwa imepita nakala milioni 50, na zile za miaka ya 1990 zimerudi madukani katika matoleo mapya yenye majalada mapya. Miaka michache baada ya kusitisha alichora kurasa chache za pembeni kuhusu mhusika wa daraja la pili, jarida likazitumia, wasomaji wakadhani mvua inakuja; ilikuwa manyunyu. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 maonyesho ya michoro yake halisi yakazunguka miji kadhaa ya Japani, na mitindo ya mwanzo wa karne iliporudi kuvaliwa, vijana waliozaliwa baada ya juzuu ya kwanza wakaanza kuvaa kama mashujaa wake.

Kwa wasomaji matokeo ni machungu zaidi. Hadithi ilisimama mara tu baada ya kifo cha mhusika mkubwa, msiba ukiwa bado mbichi. Anayelipia simulizi za mapenzi kipande kwa kipande kwenye WhatsApp anaijua hasira ya kuambiwa "sehemu ya 48 inakuja" kisha kimya. Hapa kimya kimekuwa cha miaka, na anayesoma leo kwa mara ya kwanza anaanza akijua kwamba mwisho haupo.

Uchambuzi

Watu wakizungumzia kisa hiki husema alikuwa na bahati ya kuuza sana. Naona wanakosea mahali pa kutazama. Wachoraji waliouza sana kwa miaka mitatu na kupotea ni wengi. Kilichomsitiri ni kwamba alikuwa na maktaba ya nyuma ambayo bado ina wasomaji, na alikuwa nayo kwa sababu kila hadithi ilikuwa na umri wake. Mama aliyesoma ile ya serikali ya wanafunzi anaweza kumpa bintiye wa miaka 12, naye akaihisi ni yake. Miaka minne mbele binti anachukua ya shule ya sanaa, kisha ile ya mitindo. Angebaki kuandika mapenzi ya sare za shule miaka ishirini, juzuu zake zingekuwa zinapigania msomaji mmoja. Ule uhamisho ambao wakati wake ulionekana ni uamuzi wa kisanii tu ndio uliogeuka kuwa bima yake ya afya, nami sidhani kwamba aliupanga hivyo.

Kuikataa hadithi isimaliziwe na wengine nako kulifanya kazi, ingawa si kila shabiki atakubali. Kuna mfano wa upande wa pili. Kentaro Miura, mchoraji wa manga ya Berserk, alipofariki mwaka 2021, hadithi hiyo iliendelezwa mwaka uliofuata na studio yake chini ya rafiki yake Kouji Mori, kwa kuwa Miura alikuwa amemsimulia hadithi hadi mwisho. Mpango huo ulikuwa na masharti mawili: mtunzi hayupo tena, na kuna mtu aliyeusikia mwisho kinywani mwake. Kwa mtunzi aliye hai anayepumzika, kumletea mrithi ni kumwambia hatarudi. Soko la Japani lenyewe limezoea kusubiri. Suzue Miuchi alianza hadithi yake ya waigizaji wa jukwaani mwaka 1976, juzuu ya 49 ikatoka mwaka 2012, na wasomaji wake wamezeeka wakiisubiri ya 50 bila kumnyang'anya kalamu.

Tangazo la jarida lilikuwa fupi mno, na nadhani ufupi huo ulikuwa busara. Lilisema anaumwa, likasema inasitishwa, halikutaja mwezi wa kurudi. Tarehe ya uongo ingewatuliza watu kwa msimu mmoja na kuwageuza maadui msimu unaofuata, huku mgonjwa akidaiwa kitandani.

Palipovunjika ni kwingine. Hakuna anayeweza kusema kazi ndiyo iliyomwangusha, na sitasema. Lakini mfumo ulijengwa kana kwamba mkono wake hauwezi kuugua. Filamu mbili, anime, bidhaa, na jarida zima lililouzwa kwa jalada lake vilining'inia kwenye nyuso ambazo mtu mmoja tu angeweza kuzichora. Wasaidizi wanaweza kuongezwa hadi watano au kumi na bado foleni ikaishia kwenye kiti kimoja. Anime ilikwisha manga ikiwa bado inaendelea, filamu nazo zikakata zilipokata. Kwa hiyo msomaji ana matoleo matatu ya hadithi moja, na hakuna hata moja linalofika mwisho.

Kuna kosa jingine la ndani ya hadithi, dogo kwa sura lakini kubwa kwa athari. Kabla ya kusimama, alikuwa ameanza kuchanganya vipande vya miaka kadhaa mbele: tunaona marafiki wametawanyika, mtoto amekua, kuna mtu anatafutwa. Ni mbinu nzuri ajabu kwa hadithi inayoendelea, kwani kila furaha ya leo inasomwa kwa hofu ya kesho. Hadithi ikikatika, mbinu hiyohiyo inageuka deni. Msomaji ameonyeshwa kwamba kila kitu kitavunjika na hajaambiwa ni kwa nini. Zile za miaka ya 1990 zingekatwa popote zingeacha huzuni. Hii imeacha maswali yenye majibu ambayo yamo kichwani mwa mtu mmoja.

Ningekuwa mhariri wake katika mwaka wa pili wa zile hadithi mbili, nisingegusa hadithi yenyewe. Ningepigania ratiba: sura ya jarida jipya itoke mwezi mmoja na mwezi unaofuata ipumzike, hadi ile ya mitindo imalizike. Juzuu mbili au tatu za mwaka zingepungua kuwa moja na nusu, mauzo ya jarida yangeyumba, na mkubwa wangu angeniita ofisini. Filamu ingechelewa mwaka, labda miwili. Postikadi zisingeshuka, wasomaji wa hadithi hiyo walikuwa tayari wakubwa, wana kazi na kodi za kulipa, na wengi wao walikuwa wameacha kununua jarida, wakawa wanasubiri juzuu.